Kadiri Hakuwa Mlevi

Kwanza tulisikia kishindo, kisha birika la bati likiviringika. Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa 1956, na mtaa wetu wa Waswahili hapa Gisenyi ulikuwa umetulia. Tulipogeuka, Kadiri, fundi cherehani, alikuwa chini uani pa msikiti, penye maji ya udhu.

"Iko mulevi!" akafoka Habimana, kaka wa mkewe. "Mutu wa kusali anakunywa pombe ya ndizi!"

"Mi sikunywa, shemeji. Nikifumba macho ninawe uso, miguu inanipotea."

"Inapotelea mu chupa!"

Tukacheka. Ndiyo, hata mimi. Mzee Dauda wa msikiti akamwambia, "Ijumaa ijayo utatubu mbele ya watu, ama usikanyage hapa tena."

"Asipotubu," akasema Habimana, "dada yangu narudisha kwetu Nyamyumba."

Enyi jirani zangu, mwaka mzima mliona mishono ya Kadiri ikipinda, mkampelekea fundi mwingine vitambaa vyenu. Nani alimuuliza anaumwa nini? Mkewe, Nyirasafari, aliyelala naye kitanda kimoja, hakuwahi kusikia harufu ya pombe kinywani mwake. Jumatatu alimshika mkono wakaenda hospitali, nyuma yao vicheko.

"Miguu pamoja," daktari akasema. "Bon, vizuri. Funga macho."

Kadiri akaanguka mikononi mwa muuguzi. Daktari akamgonga magoti kwa nyundo ndogo, akamshika kidole cha mguu: "Nakipeleka juu ama chini?" Macho yakiwa yamefumbwa, Kadiri hakujua. Wakamtazama ulimi, wakampima damu.

Alhamisi jibu likatoka. "Hapana pombe. Tumbo lako halichukui lishe moja iliyomo ndani ya nyama na maziwa. Damu imepungua, na mishipa inayoambia ubongo miguu iko wapi imeharibika. Sindano za lishe hiyo zitazuia ugonjwa usizidi. Lakini umechelewa, utatembea na fimbo siku zote."

Kesho yake Nyirasafari alisimama mlangoni pa msikiti na karatasi ya daktari. "Kaka, soma! Mi sitoki kwa bwana yangu. We ndiye utatubu."

Habimana alisoma, akaondoka. Mzee Dauda akampisha Kadiri aingie kuswali. Habimana hajaomba radhi mpaka leo.

Funzo

Kuyumba si ushahidi wa ulevi. Mishipa ya fahamu huharibiwa na mambo mengi, na anayejua kuyatenganisha ni daktari aliyepima, si mdomo wa jirani. Kutouliza kwetu na kicheko chetu vilimlia Kadiri mwaka aliohitaji kupona.

Nilimwambia hivi barazani kwake, kwa sauti, wapita njia wasikie: "Kaka Kadiri, mutu yeyote akianguka mbele yangu, mi nitamuinua na kumupeleka kwa daktari. Na atakayecheka, atanikuta mbele yake, nikimukataza."