Uhusiano na Mwombaji

Chumba cha kusubiria cha wakili wa uhamiaji kilikuwa na viti kumi na viwili na watu zaidi ya thelathini, na fundi meno aliwadharau wote. Aliwadharau waliokumbatia bahasha zao vifuani, aliwadharau waliosinzia midomo wazi wakianika majino yasiyo na matunzo. Zaidi ya wote alimdharau wakili mwenyewe, aliyechungulia mlangoni kila baada ya nusu saa, akasema "subiri kidogo," kisha akatoweka. Wakili alikuwa na jina zuri tu kwenye kibao cha mlangoni. Fundi meno alimwita Bwana Subiri.

Fundi meno alikuwa amevaa gauni la bluu lililonyooshwa mpaka mikunjo ikakata tamaa, na mkoba ameuweka kwenye kiti cha pembeni ili asikaliwe karibu na mtu.

"Samahani dada, hapa pana mtu?"

"Una macho."

"Ninayo. Ndiyo maana nimekuja upande huu."

Akainua uso. Mwanamume mrefu, ovaroli la kijivu la kampuni ya lifti, doa la grisi kwenye mkono, tabasamu pana. Miaka saba ya kutengeneza meno bandia ilikuwa imemharibu: hakuweza kumtazama mtu bila kuanzia mdomoni.

"Hilo jino la juu kushoto, nani amekuwekea?"

Mwanamume akaziba mdomo. "Linaonekana?"

"Mpaka barabarani. Aliyelitengeneza ni fundi viatu."

Mwanamume alicheka mpaka jino lenyewe likacheza. Fundi meno akasonya, lakini mkoba akauondoa.

"Sasa dada, siku ukikwama kwenye lifti utampigia nani?"

"Nitapanda ngazi."

"Na ngazi zikikwama?"

Akampa namba ya simu ili anyamaze. Hakunyamaza. Kwa miezi mitano simu ililia kila mchana, saa ya kula.

"Daktari wangu, umekula?"

"Mimi si daktari."

"Haya, mgonjwa wako amekula. Amekukumbuka mpaka tonge la mwisho."

"Mgonjwa wangu apunguze maneno, jino litamtoka."

Akikata simu alikuwa akitabasamu peke yake, kisha akijidharau kwa kutabasamu. Jumamosi moja alimkalisha Fundi Lifti, jina alilokwisha kumpa, karakanani kwake, akamjaza mdomo donge laini la kuchukulia vipimo vya meno, akatengeneza chapa ya plasta ya meno yake na kuiweka rafuni. Kwa dakika tano mpenzi wake hakuweza kusema neno. Fundi meno alizifurahia sana zile dakika.

Ndipo jibu la kibali chake cha kazi likaja. Ombi limekataliwa. Bwana Subiri, kwenye fomu, mahali pa kuandika kazi, alikuwa ameandika "msaidizi wa ofisi." Wasaidizi wa ofisi wamejaa tele nchini, barua ilisema, mwombaji aondoke ndani ya siku thelathini.

"Ni kosa dogo la uchapaji," Bwana Subiri alisema, akipangapanga karatasi zisizohitaji kupangwa.

"Msaidizi na fundi meno yanafanana herufi gani?"

"Subiri kidogo, dada yangu..."

Hakusubiri. Alinyang'anya faili lake, akaenda kuandika rufaa kwa mkono wake mwenyewe, akaambatanisha picha tisa za kazi zake, meno yamepangika mpaka mtu angedhani yameota yenyewe. Kutoka hapo akawa anahesabu siku.

Siku ya kumi na mbili Fundi Lifti alikuja karakanani. Shati jeupe jipya, manukato, karatasi mkononi.

"Mpenzi, tumepona! Nimekwenda kwa wakili. Kuna njia ya mkato."

Fundi meno akapangusa mikono, akasoma. Jina la mtegemezi: lake. Uhusiano na mwombaji: mke. Ruhusa ya kufanya kazi: hapana. Chini kabisa, sahihi ya Fundi Lifti, imejaa mikia na mbwembwe.

"Nani mke?"

"Si ni wewe, laazizi."

"Umeniposa lini?"

"Nilidhani... hii ndiyo posa yenyewe."

"Posa yenye mhuri wa Bwana Subiri! Kazini msaidizi, nyumbani mtegemezi. Kesho mtaniandika mzigo. Umesoma hapo kwenye kazi? Hapana! Miaka saba yangu, unaifuta kwa neno moja?"

"Nataka usiondoke tu!"

"Basi ungesema hivyo. Ni maneno matatu, hayahitaji wakili. Toka."

Alitoka. Simu ililia mara kumi na saba siku hiyo. Aliyopokea ni moja tu, ya shangazi yake.

"Mwanangu, si neno tu kwenye karatasi?"

"Hata talaka ni neno tu kwenye karatasi, shangazi."

"Huyo kijana anakupenda."

"Anipende kwa kuniuliza."

Rafuni ile chapa ya plasta ilimkenulia kutwa nzima. Akaigeuzia ukutani. Baada ya siku tatu akaigeuza tena, akaketi, akaanza kuchonga jino jipya. Si mapenzi, alijiambia. Asingeweza kuishi mji mmoja na lile jino la fundi viatu, wala kuondoka akiliacha nyuma. Alilipaka rangi mara nne, na mara ya nne machozi yakamdondoka.

Siku ya ishirini na sita rufaa ikakubaliwa. Miaka miwili, na kwenye kazi palisomeka vizuri: fundi wa meno bandia. Hapo hapo kwenye dirisha la ofisi ya uhamiaji akalia mbele za watu, watu kama wale aliowadharau kwa wakili, na mmoja akampa karatasi ya kujipangusa. Alitaka kumwambia mtu. Kidole kikaenda kwenye namba ya Fundi Lifti, akakirudisha. Simu ikalia yenyewe.

"Hongera."

"Nani amekwambia?"

"Bwana Subiri. Anamtangazia kila mtu kwamba ni kazi yake."

Akacheka kabla hajajizuia.

"Sikiliza, daktari wangu. Kampuni inanihamishia nchi nyingine. Kibali changu ni chao, nisipokwenda nao kinakufa mwisho wa mwezi." Akavuta pumzi. "Nimekataa kwenda. Njoo kwa wakili kesho saa nne. Safari hii nakuuliza, sikuandikii."

Alikwenda, na gauni lile lile la bluu. Bwana Subiri aliitandaza fomu mezani, akamsogezea Fundi Lifti kalamu.

"Bwana, weka sahihi hapa. Mwombaji."

"Mwombaji ni yeye," Fundi Lifti alisema, na sauti yake ikafika mpaka chumba cha kusubiria. "Mimi ndiye mtegemezi."

Nje mtu akacheka. Wakili akatazama fomu, akamtazama mwanamume, akatazama tena fomu.

"Unaelewa hutaruhusiwa kufanya kazi?"

"Nimesoma."

"Lifti zako je?" fundi meno akamuuliza polepole.

"Watu watapanda ngazi. Nitaomba kibali changu upya, kitakuja kitakapokuja. Mpaka hapo nitapika."

"Hujui kupika."

"Wewe hujui kusifu, mbona tunaishi?"

Akaichukua fomu. Palipoandikwa "uhusiano na mwombaji" palikuwa patupu.

"Hapa hujajaza."

"Hapo si pangu. Naomba usiniache. Neno andika unalolitaka wewe."

Macho yalimwasha fundi meno. Akafungua mkoba, akatoa kijisanduku kidogo, wakili akatabasamu akidhani ni pete. Ndani mlikuwa na jino.

"Nililichonga liwe la kukuagia," alisema. "Vua hilo takataka."

Fundi Lifti akalivua palepale. Yeye akamshika kidevu, akalipachika jipya, likakaa sawasawa. Akamtazama mpenzi wake, kwa mara ya kwanza akaanzia machoni.

Kisha akachukua kalamu na kuandika MUME, kwa herufi kubwa nne, maana alimjua Bwana Subiri: angeachiwa herufi ndogo, angesoma msaidizi.