Sauti Aliyoikemea Mokeira

Lori la majani chai lilichelewa siku ile. Lingekuja saa tisa kama kawaida yake, leo kusingekuwa na cha kusimulia. Lakini mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, barabara ya kutoka Ekerenyo ikawa tope tupu, na kina mama wakaketi pale kituoni na vikapu vyao mpaka saa kumi na mbili kasoro, wakipiga miayo na kumsema dereva. Na ilikuwa Ijumaa, jamani! Jua likizama Sabato imeingia, na Sabato haitakiwi kumkuta mtu barabarani na kikapu mgongoni.

Mokeira alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na moja, na mtoto wake wa pekee, Ruth, mwenye miaka saba, alikuwa ametoka shule akaja kumngojea palepale. Karani alipomaliza kupima majani yake, Mokeira alitupa kikapu kitupu mgongoni akamshika mtoto mkono.

"Twende haraka. Tunapita mtoni."

"Mama, si ulisema tusipite mtoni kukinyesha?"

"Leo tunapita. Jua linatuacha."

Kwa barabara kubwa ingekuwa mwendo wa saa nzima. Kwa njia ya mtoni, dakika ishirini tu. Wakateremka kati ya migomba, Ruth akiruka madimbwi na kusimulia mambo ya mwalimu wake, Mokeira akiitikia "enhe, enhe" bila kusikiliza.

Hapo ndipo ilipomjia ile harufu.

Harufu ya vumbi la mawe lililoloweshwa maji... Hakuna mawe ya kuchonga upande ule wa Nyamira. Yako Tabaka, kule mumewe Momanyi alikokuwa akichonga vinyago, mpaka siku ukuta wa shimo la mawe ulipomwangukia, miaka miwili iliyopita. Kila Ijumaa alikuwa akirudi nyumbani na vumbi lile kwenye nywele, na Mokeira alikuwa akimfokea kwa kuchafua mashuka. Siku hizi angetoa chochote ayafue tena mashuka yale.

Na harufu ikija, sauti haiko mbali.

Mara ya kwanza ilikuwa msimu wa baridi, mwaka mmoja baada ya mazishi. "Mokeira. Amka." Aliamka kichwa kikimgonga, akakumbuka jiko la makaa aliloliacha ndani mlango ukiwa umefungwa. Ruth alikuwa amelegea. Alimburura mpaka nje kwenye umande, mtoto akatapika, akalia, akapona. Mara ya pili ilikuwa pale wanapopaki boda boda Ekerenyo. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu ya pikipiki. "Usipande." Akashuka. Mwendeshaji akamcheka, akambeba mtu mwingine, na hawakufika mbali. Kwenye kona walikutana na lori, na yule abiria akazikwa Alhamisi iliyofuata.

Maneno mawili, matatu, basi. Sauti ya Momanyi kabisa, karibu na sikio la kushoto, imekauka kama ya mtu mwenye vumbi kooni. Haikuwahi kuja bure.

Kosa la Mokeira lilikuwa furaha. Jambo kama lile lilimzidi, akashindwa kulifungia moyoni. Akamwambia Persis, jirani yake, shemasi wa kanisa lao.

"Sauti ya nani?" Persis aliuliza, kikombe cha chai kikiwa bado hewani.

"Ya Baba Ruth. Naona Mungu amempa kazi ya kutulinda. Kama malaika."

Persis akakiweka kikombe chini polepole. "Mama Ruth, wewe unajua tunavyoamini. Mtu akifa amelala. Hasikii, haoni, hajui hata kama una mtoto. Sasa huyo anayekuja na sauti yake ni nani?"

"Lakini alituokoa, dada."

"Anakuzoesha. Akishakuzoesha atakuambia jambo moja nawe utatii bila kuuliza. Na siku hiyo atamchukua huyu." Akamnyooshea kidole Ruth, aliyekuwa akicheza na kuku mlangoni.

Msimchukie Persis. Huyu ndiye aliyelala kwa Mokeira wiki tatu baada ya mazishi, akimpikia uji na kumlazimisha kuunywa. Alimpenda Ruth kama mtoto wa tumbo lake. Alisema alichokiamini, na alikisema kwa machozi.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumpinga, naye ni Kwamboka, mama yake Momanyi, bibi kizee asiyebatizwa. Aliposikia habari ile alicheka mpaka akakohoa. "Kwani mtu akikutoa kwenye moto mara mbili, unamwomba kitambulisho? Huyo ni mwanangu. Mwache afanye kazi yake."

Lakini hofu ilikuwa imeshaingia. Jumatano ya wiki ile ile wakafunga na kuomba, Mokeira na Persis, tangu asubuhi mpaka jioni. Persis akamfundisha: ikija tena usiijibu, usiitii, ikemee mara tatu kwa jina la Yesu. Mokeira akakubali. Usiku ule alilia kimya chini ya blanketi, maana aliona kama anajiandaa kumzika mume wake mara ya pili.

Sasa ni Ijumaa, na harufu imekuja.

Akasimama katikati ya njia. Maji yalikuwa yakinguruma huko chini.

"Mokeira. Rudi."

Moyo wake ukasema, rudi. Miguu yake ikasema, rudi. Hata vidole vilivyomshika mtoto vilikuwa vimeanza kumgeuza. Kisha akamkumbuka Persis na kile kidole kilichoelekezwa kwa Ruth.

"Nyamaza, kwa jina la Yesu," akanong'ona.

"Mokeira..."

"Nyamaza! Kwa jina la Yesu!"

Halafu ile sauti ikaja tena, chini sana, kama ya mtu anayebembeleza. "Mama Ruth. Tafadhali."

Akiwa hai Momanyi hakuwahi kumwambia tafadhali. Hilo ndilo lililomtia nguvu. Akajiambia, unaona? Huyu si yeye.

"Ondoka kwa jina la Yesu, usirudi tena!"

Harufu ikakatika. Papo hapo, kama taa iliyozimwa. Ruth alikuwa akimtazama kwa macho makubwa.

"Mama, unaongea na nani?"

"Hakuna mtu. Twende."

Akajisikia mshindi, maskini. Akateremka kwa hatua za haraka, akiimba wimbo wa kufungua Sabato.

Daraja lenyewe lilikuwa magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa ng'ambo mpaka ng'ambo. Watoto walilivuka kila siku wakikimbia. Watu wawili hawakuweza kupita bega kwa bega, kwa hiyo Mokeira alitangulia, akikanyaga kwa uangalifu, akiangalia maji mekundu yaliyokuwa yakipita kwa kasi karibu na nyayo zake. Magogo yalimbeba. Akafika ng'ambo, akageuka, akanyoosha mikono.

"Njoo sasa. Polepole."

Ruth akaja. Hatua moja, mbili, tano. Alipofika katikati akasimama.

"Njoo, Ruth."

"Mama, Tata anasema nisimame."

Tata. Ndivyo alivyokuwa akimwita baba yake. Miaka miwili Mokeira hakuwa amelisikia jina lile kinywani mwa mtoto.

"Nani?"

"Tata. Yuko hapa nyuma yangu."

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na magogo, na giza lililokuwa likishuka kwenye migomba. Lakini ile harufu ilivuka maji ikamfikia Mokeira usoni, nzito kuliko siku zote.

"Usimsikilize! Ruth, nitazame mimi. Njoo kwangu."

Mtoto akainua mguu. Akaurudisha.

"Siwezi, Mama. Amenishika."

Na Mokeira akaona. Hakuna atakayemwondolea kile alichokiona. Sweta ya shule, ile ya kijani, ilikuwa imevutika nyuma ya mgongo wa mtoto, imekunjana na kukazwa... mahali pasipo na mkono wa mtu yeyote. Ruth alikuwa ameinama mbele kidogo, akitaka kumfuata mama yake, na sweta ilikuwa imemzuia.

Huyu ndiye atakayemchukua. Persis alisema.

"Mwachilie mtoto wangu!" Mokeira alipiga ukelele hata ndege wakaruka mitini. "Kwa jina la Yesu, mwachilie!"

Akamwachilia.

Sweta ikalegea. Ruth, aliyekuwa ameinamia mbele, akapiga hatua moja ya kupepesuka. Gogo likalia kaa!... likakatika chini ya mguu wake.

Hakupiga kelele. Mokeira alimwona akimwangalia kwa mshangao, kama mtu aliyetumwa kitu akakosea. Kisha maji.

Usiku ule giza na maji viliwashinda watu; asubuhi wanaume waliacha ibada, wakaingia mtoni na suti zao za Sabato. Walimpata saa nne, amekwama kwenye matete, mbali sana huko chini. Gibson, fundi mbao aliyekuwa jirani yao, ndiye aliyembeba. Jumapili akarudi mtoni peke yake kuangalia yale magogo, halafu akaja kusimama mbele ya Mokeira akizungusha kofia mikononi.

"Mchwa walikuwa wamelila gogo moja kwa ndani, Mama Ruth. Limekatika hatua moja mbele ya pale aliposimama. Pale pale aliposimama, na kurudi nyuma kote, ni zima kabisa."

"Kwa hiyo angekaa pale..."

Gibson akatazama chini. "Angekaa, labda ningekuja na kamba. Lakini pia kama hangesimama, kama angepita mbio vile hupita kila siku, labda lingembeba. Alikuwa mwepesi. Mimi sijui. Usiniulize tena, tafadhali."

Mokeira alibaki na labda hizo mbili. Aliyemsimamisha mtoto, alimsimamisha ili apone, au alimsimamisha ili afe? Persis alisema hivi, Kwamboka akasema vile. Bibi kizee ndiye aliyemvua mtoto ile sweta. Aliinyoosha mbele ya watu, akawaonyesha jinsi nyuzi za mgongoni zilivyovutika, upana wa ngumi ya mtu mzima. Persis alisema ni matawi ya mtoni. Kwamboka hakubishana naye. Alimgeukia mke wa mwanawe, akamwambia mbele ya waombolezaji wote, "Mwanangu alikuwa amemshika. Wewe ukamwambia aachilie." Halafu akaketi chini akalia.

Baada ya mazishi Mokeira alianza kuongea peke yake. Watu walidhani amepagawa, kumbe alikuwa akiomba msamaha. Jioni jua likitua alisimama kwenye njia ya mtoni na kusema, "Baba Ruth, rudi. Nilikosea. Niambie kitu. Nitukane tu, lakini useme." Alisimama mpaka baridi ikamwingia mifupani. Hakusikia kitu. Harufu ya udongo na majani ya migomba, basi. Hata alianza kufanya mambo ya hatari makusudi, kuwasha jiko ndani na kufunga mlango, ili aone kama ataamshwa. Aliamshwa na Kwamboka aliyevunja dirisha kwa mchi.

Wiki ya saba Persis alikuja na unga na maharagwe. Alikuwa amekonda naye pia. Wakaketi sebuleni mlango ukiwa wazi, jua likielekea kuzama, na Persis akafumba macho aombe. Aliomba vizuri, kama kawaida yake. Kisha katikati ya sentensi akanyamaza.

Mokeira akafumbua macho. Persis alikuwa ameangalia mlango, uso umempauka.

"Mama Ruth," akanong'ona. "Nani huyo anakuita?"

"Wapi?"

"Hapo nje. Husikii?"

Mokeira alisimama, akakimbilia mlangoni. Uwanja ulikuwa mtupu. Kuku walikuwa wakipanda mtini kulala.

"Sisikii. Dada, mimi sisikii! Ni sauti ya mwanaume?"

Persis alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yakimshuka.

"Ni Baba Ruth? Niambie!"

"Wako wawili," Persis akasema. "Kuna mtoto."

Mokeira alipiga magoti akamshika Persis sketi kwa mikono miwili. "Anasemaje? Ruth wangu anasemaje?"

"Siwezi kuyabeba maneno yao. Usinilazimishe, Mama Ruth. Yasipite kinywani mwangu."

"Wanaonya! Hawaji bure, dada, hawajawahi kuja bure! Ni nini kinakuja? Nitoke hapa? Nibaki?"

Persis alijinasua akatoka mbio, akaacha Biblia yake kitini na kiatu kimoja kizingitini. Mokeira alimfuata mpaka kwake, na kesho yake, na kesho kutwa. Ombati, mume wa Persis, alimwambia kwa upole kwamba Persis haongei na mtu, na kwamba ameziba masikio yake kwa pamba.

Tangu siku hiyo wapita njia wengi wamewasikia. Muuza maziwa aliwasikia. Watoto wa shule huzunguka mbali kupita boma lile. Hakuna anayekubali kusema wanachosema, kila mmoja huangalia chini na kuharakisha.

Na Mokeira yuko mlangoni kila jioni, ameweka mkono nyuma ya sikio la kushoto. "Mwanangu, pandisha sauti," anasema. "Mama hasikii."