Miadi ya Kidoti

Nyumba ya fundi bati huna haja ya kuelekezwa. Fuata masikio yako tu. Ngo! Ngo! Ngo! Tangu asubuhi hadi jioni nyundo haipumziki. Fundi anatengeneza ndoo, masinia na makopo ya kumwagilia maua. Kulia kwake yupo anayekata mabati. Kushoto yupo anayechomelea mageti. Mtaa mzima ni chuma kwa chuma.

Basi watu wa nyumba ile walizoea kupayuka. Mke wa fundi akitaka kusema chakula kiko tayari, utadhani anaita watu wazime moto. Asipopayuka, anaonyesha kwa mkono. Vidole mdomoni, maana yake njooni mle. Kiganja shavuni, maana yake nenda kalale.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, miaka miwili na miezi minane. Walimwita Kidoti kwa sababu ya doa dogo jeusi shavuni. Mtoto mcheshi, mwepesi wa kucheka! Ila maneno yake yalikuwa manne tu: mama, baba, maji na hapana. Na hapana ndiyo aliyoipenda zaidi.

"Halafu ni mkaidi huyu!" fundi alizoea kusema. "Unamwita mara tatu, hageuki. Sikio la kufa halisikii dawa."

Maneno hayo alikuja kuyajutia. Lakini tusiende mbio.

Jirani yao alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya meno. Kazi yake ilikuwa kupokea simu na kuwapangia wagonjwa siku na saa ya kumwona daktari. Hiyo ndiyo huitwa miadi. Jumapili moja aliwakaribisha chai. Siku hiyo karakana zote zilikuwa zimefungwa. Kimya! Fundi mwenyewe alijiona mgeni katika kimya kile.

Kidoti alikaa sakafuni akipanga vifuniko vya chupa. Mara simu ya jirani ikalia juu ya stuli, nyuma yake kabisa. Ililia kwa nguvu hata mke wa fundi akamwaga chai. Kidoti hakushtuka. Aliendelea kupanga vifuniko vyake.

Jirani hakuipokea ile simu. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Kaka fundi," alisema, "hebu mwite."

"KIDOTI!" fundi akanguruma.

Mtoto akageuka na kutabasamu.

"Unaona? Anasikia!"

"Kwa sauti hiyo, kaka, hata mwenye duka kule kona ameitika. Mwite kama ninavyosema na wewe sasa. Usipunge mkono, wala usigonge sakafu."

Fundi akasubiri mtoto arudie mchezo wake. Akakohoa kidogo. "Kidoti," akaita. "Kidoti mwanangu, njoo kwa baba."

Mtoto hakugeuka. Fundi akaita tena. Akaita mara ya tatu. Mke wake akaweka kikombe chini.

"Baba Kidoti, mtoto hasikii."

"Aa, akili yake iko kwenye vifuniko!" fundi akajibu.

"Kwenu mnapayuka na kuonyesha kwa mikono," jirani akasema. "Ndiyo maana hamkugundua. Mtoto anaisoma mikono yenu. Hamkukusudia. Ila sasa mmejua, msikae."

"Nitamtia mafuta ya uvuguvugu masikioni. Hata alipokuwa na mafua nilimtia, na..."

"Usimtie kitu! Si mafuta, si njiti, si chochote. Unatibu nini, na hatujui ana nini? Mpelekeni kwa daktari wa watoto."

"Daktari ni daktari. Nitampeleka kwa yeyote."

"Ehee! Na fundi ni fundi? Basi nikuletee saa yangu ya mkononi uitengeneze."

"Kwa nyundo hii?" Fundi alicheka bila kutaka. "Saa ina fundi wake, dada."

"Na mtoto ana daktari wake. Mtoto akipata homa kali, au degedege, au akishindwa kupumua, hapo usisubiri miadi ya mtu. Unakimbia hospitali iliyo karibu. Lakini jambo hili ni la kupanga. Daktari bingwa wa watoto amesomea jinsi watoto wanavyokua, wanavyosikia, wanavyoanza kusema. Kidoti hawezi kumwambia naumwa hapa. Daktari huyo anajua kumuuliza kwa njia nyingine."

"Tutampata wapi?" mke wa fundi akauliza.

"Anzia kule alikochanjwa. Wauguzi wa pale wanawajua madaktari wa watoto. Usichague kwa ukubwa wa bango barabarani. Uliza kama amesajiliwa. Uliza gharama mapema. Na uliza yuko wapi, maana huenda mkarudi mara nyingi. Ukimchagua wa mbali sana, mtachoka njiani."

Siku ya pili yake mke wa fundi alikuwa mtu wa kwanza kwenye kliniki alikochanjwa Kidoti. Alirudi mbio, kikaratasi mkononi.

"Nimepata namba! Amesajiliwa, na si mbali! Piga, baba Kidoti, piga!"

Fundi akapiga palepale, katikati ya karakana, kidole kimeziba sikio la pili. Sauti ya mwanamke ikaja, ikapotea, ikaja tena. Ngo! upande huu. Zzzz! upande ule.

"Ndiyo," fundi akasema. "Ndiyo, ndiyo. Sawa. Ndiyo. Ahsante sana!"

Akakata simu na kuruka juu. "Tayari! Tumepata!"

Mke wake akapiga kigelegele. Jirani, ambaye alikuwa amerudi kula chakula cha mchana, akaingia akicheka.

"Hongereni! Ni siku gani?"

Fundi akaitazama simu yake.

"Saa ngapi, basi?"

"Alisema... nadhani alisema..."

"Mje na nini?"

"Dada, nikwambie ukweli? Sikusikia hata neno moja."

"Sasa hizo 'ndiyo' zote ulikuwa unaitikia nini?"

"Niliona haya kumwambia arudie. Nikasema ndiyo nisionekane mjinga."

Kidoti alikuwa amesimama mbele ya baba yake. Alimtazama usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena. Alikuwa anatafuta kujua kama baba amefurahi au amekasirika. Fundi akaliona hilo kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ndivyo anavyoishi," akasema. "Anabahatisha! Kila siku anabahatisha, na mimi namwita mkaidi!" Machozi yakamtoka mbele ya watu, wala hakujali.

"Utalia baadaye," jirani akasema kwa upole. "Sasa ingia chumbani, funga mlango, shika kalamu."

Fundi akapiga tena, jirani kando yake. Safari hii alisikia kila neno.

"Samahani dada, ni mimi niliyepiga sasa hivi. Nilikuwa kwenye kelele, sikukuelewa. Naomba tuanze upya."

Karani wa daktari akacheka. "Hata mimi nilishangaa, baba. Nilikuuliza mtoto ana umri gani, ukanijibu ndiyo."

Fundi akataja jina la mtoto na umri wake. Akaeleza kwamba haitiki akiitwa kwa sauti ya kawaida, na kwamba maneno yake ni machache.

"Nafasi ya karibu ni baada ya wiki saba," karani akasema.

"Wiki saba!" fundi akamaka. Jirani akaandika haraka kwenye daftari: "Mtu akighairi, wakupigie." Fundi akaliomba hilo, na karani akamwandika kwenye orodha ya wanaosubiri. Kabla ya kukata simu, fundi alirudia yote aliyoambiwa. Tarehe. Saa. Waje na kadi ya kliniki, na majina ya dawa alizowahi kutumia mtoto.

"Umepata yote, baba," karani akasema. "Na mkishindwa kuja, mtuambie mapema. Nafasi yenu itamfaa mtoto mwingine."

Siku tatu baadaye simu ikalia. Mke wa fundi akaikwapua na kukimbilia chumbani. Alitoka anarukaruka.

"Kesho! Saa nne asubuhi! Kuna mtu ameghairi! Nimemwambia arudie mara mbili!"

We! Nyumba ilipinduka siku ile. Fundi alipiga pasi shati lake la harusi. Mke aliitafuta kadi ya kliniki, akaipata, akaitia kwenye mkoba, kisha akaitafuta tena. Wakakaa kuandika watakayomweleza daktari. Mafua yalianza lini. Anasikia sauti gani, na hasikii zipi.

"Andika na yale mafuta," mke akasema.

"Lazima?"

"Daktari si mkweo, baba Kidoti. Usimfiche."

Wakafika nusu saa kabla. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya raba. Hakukaa kitini. Alichuchumaa sakafuni, akamwambia Kidoti kwa ishara kwamba mgonjwa wa kwanza ni baba. Akamchungulia fundi sikioni kwa taa yake ndogo. Kidoti alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasogeza sikio lake mwenyewe bila kulazimishwa.

Daktari akayaangalia masikio yote mawili kwa makini. Akasoma kile kikaratasi chao mpaka mwisho.

"Mmeandika vizuri sana," akasema. "Wewe baba ni fundi bati, sivyo? Ukipiga debe tupu na debe lililojaa maji, lipi linavuma?"

"Debe tupu. Lenye maji halivumi, linasema du basi."

"Ndivyo ilivyo hapa. Ndani ya sikio, nyuma ya ngozi nyembamba, panatakiwa pawe na hewa. Kwa Kidoti pamejaa majimaji, pande zote mbili. Watoto wengi hupata hali hii baada ya mafua. Sauti kubwa inapita. Sauti ndogo inazama."

Mke wa fundi alikuwa na maswali saba kwenye karatasi. Aliuliza lile ambalo hakuweza kuliandika. "Atakuwa kiziwi?"

"Mara nyingi majimaji haya huondoka yenyewe katika miezi michache, mama. Yasipoondoka, tunayo njia ya kuyatoa. Lakini lazima tumfuatilie. Leo nitampima usikivu, na baada ya miezi mitatu nitampima tena. Akipata homa, au sikio likimuuma, au likitoa usaha, msiingojee siku hiyo. Mleteni mara moja."

"Na mafuta?" fundi akauliza, macho chini.

"Usimtie tena. Ongea naye ukiwa karibu, akuone uso. Mwondoe penye kelele na moshi. Mwambie majina ya vitu, hata asipojibu."

Kabla ya kutoka, fundi alikwenda mapokezi kuomba miadi ya pili. Aliirudia tarehe mara tatu, mpaka karani akamwambia inatosha, baba.

Miezi mitatu ile fundi alifanya kazi kweli. Alihamisha meza yake ya kazi mbali na mlango wa nyumba. Kila jioni alikaa sakafuni, uso kwa uso na binti yake. "Hiki kijiko. Hili shati. Hii ni pua ya baba, kubwa, inacheka." Hakumwita mkaidi tena.

Siku ya miadi ya pili, daktari aliangalia, akapima, akatabasamu. Sikio la kulia lilikuwa safi kabisa. La kushoto lilikuwa na majimaji kidogo tu. Usikivu ulikuwa umepanda sana. Akawapangia siku nyingine ya kurudi, ahakikishe na hilo la kushoto.

Jioni ile Kidoti alikuwa kwenye mkeka, amezama katika kumvisha mwanasesere wake nguo. Fundi alimwinamia mke wake, akamnong'oneza sikioni.

"Nimemnunulia biskuti. Nimezificha kabatini. Tumpe akishaoga."

Mwanasesere akaanguka. Vishindo vya miguu midogo vikasikika sakafuni. Kidoti akasimama mbele ya baba yake, mkono ameunyoosha, macho yanang'aa.

"Biskuti!" akasema. "Kabati!"

Fundi na mke wake wakatazamana. Kisha wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na fundi akambeba mtoto juu mpaka karibu na dari.

"Haya!" mke akasema akijifuta macho. "Siri zimekwisha humu ndani!"

Kidoti akapewa biskuti mbili, na kuoga hajaoga.