Siku Tulipoacha Udi Nyumbani

Kwetu Bunju, jioni mie huchambua mchele. Mume wangu, Mzee Kondo, hubishana na mjukuu wetu Lulu.

"Zamani hapa kulikuwa na paa," anasema mzee. "Namtazama, ananitazama."

"Babu, unatupigaga kamba," anajibu Lulu. "Hapa kuna bodaboda tu."

Siku moja maneno hayo yalimchoma mzee. Hata chai aliiacha. "Jumamosi nakupeleka porini umwone. Nikishindwa, usiniamini tena."

Pori la akiba haliko mbali na kwetu. Tulijiandaa kama watu wa harusi. Nguo zote nilizifukiza udi. Nikajitanda kanga mpya, nyekundu. Mzee akachomeka kisu kiunoni.

Getini alitupokea askari wa wanyamapori, dada aitwaye Yustina.

"Shikamooni wazee wangu. Babu, kisu cha nini?"

"Marahaba. Cha kuchinjia. Pori la umma, na mie ni umma. Nikimpata paa, nasoma bismillahi, namchinja."

"Bismillahi ni nzuri, babu, lakini haitoshi. Kuwinda kunataka leseni. Leseni inasema mnyama gani, eneo gani, msimu gani. Bila hiyo ni kosa, utafungwa. Leo lipeni kiingilio, mtazame tu."

Mzee alinitazama mie, kama vile leseni nimeikalia. Akatoa kisu, kikabaki getini.

Yustina akatuongoza. Njiani nikaanza kusimulia habari za jirani yetu na mke mwenzie. Tamu kweli! Lakini hatukuona hata mkia.

"Basi babu, turudi," Lulu akasema polepole. "Si kitu."

Hilo "si kitu" lilimuuma mzee kuliko ubishi wote. Akainamisha kichwa.

Yustina akaliona. "Lulu, babu hakudanganyi. Paa wapo. Ila udi wa bibi umefika kabla yenu, upepo umeupeleka. Paa akinusa mtu, anakimbia. Njooni tena Jumamosi ijayo, asubuhi mapema. Msijifukize wala msipake manukato. Vaeni nguo za rangi ya majani makavu. Tutapita upande ambao upepo unatupiga usoni. Na mdomo..."

"Mdomo wa nani?" nikauliza.

Wote watatu wakanitazama.

Jumamosi iliyofuata nilivaa gauni langu la kufagilia uani. Kisu kilibaki jikoni na vitunguu. Tulimfuata Yustina kimyakimya. Mara akasimama, akainua mkono.

Kando ya kichaka, paa mdogo wa kahawia alikuwa anatafuna majani. Masikio yanacheza. Akainua kichwa. Akamtazama mzee, mzee akamtazama. Lulu alimshika babu yake mkono, hakuuachia mpaka paa alipojiondokea taratibu.

"Babu," akanong'ona, "kumbe kweli."

Mzee akameza mate. "Je, tukate leseni, tumfanye kitoweo?"

"Aa, babu! Tumwache. Nataka tumkute tena."

Siku hizi Lulu anawasimulia watoto wote wa mtaani. Kwamba babu yake kamwonyesha paa, wanaamini. Kwamba bibi yake alinyamaza asubuhi nzima, wanasema anawapiga kamba.