Injini Iliyofunikwa Blanketi

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, ting, ting, kisha kikanyamaza. Nje bado kulikuwa giza. Mama Pacha alikuwa anamkorogea chai mama mkwe wake. Kikombe kilikuwa kidogo, kile cha watoto, kwa sababu Bibi hakuruhusiwa kunywa maji mengi. Figo zake zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alipelekwa hospitali, damu yake ikasafishwe kwa mashine.

"Umetia sukari?" Bibi aliuliza.

"Nimetia, mama."

"Mbona siioni?"

"Sukari haionekani, mama. Inaonjwa."

Bibi akacheka, akanywa kidogo. Ndipo wakasikia gari uani. Baba Pacha, mumewe Mama Pacha, alikuwa fundi bomba. Gari lake dogo lilibeba mabomba mchana na kumbeba mama yake alfajiri. Sasa alikuwa anapiga stata. Gari likakohoa, likazima. Akapiga tena. Likakohoa, likazima.

"Jana usiku mlilifunika?" Bibi akauliza.

"Tulilifunika, mama. Vizuri kabisa."

Blanketi lile lilikuwa la Bibi mwenyewe. Kwa muda sasa gari lilikuwa linakataa kuwaka alfajiri, lakini mchana linawaka mara moja. Bibi alifikiri, akasema, "Lina baridi hilo. Hata wewe mwanangu, ulipokuwa mdogo, ulikuwa huamki mpaka nikukande miguu." Kuanzia siku hiyo, kila jioni Baba Pacha alifungua boneti, akatandika blanketi juu ya injini, akafunga. Siku nyingine lilionekana kusaidia. Basi wote wakaamini.

Leo halikusaidia. Gari liliwaka jua likiwa limeshatoka. Walifika hospitali wamechelewa. Muuguzi alikuwa amemshikia Bibi kitanda chake, lakini hakuweza kumpa muda wote, kwa kuwa wagonjwa wengine walikuwa wanasubiri. Jioni miguu ya Bibi ilivimba. Mama Pacha aliiinua, akaiweka juu ya mto, akaipapasa polepole.

Baba Pacha aliingia, akakaa bila kuvua viatu.

"Nimeongea na fundi wa gereji," alisema. "Mshale wa joto unapanda kwenye nyekundu kila nikigeuza ufunguo. Anasema injini ifunguliwe. Ataanza wiki ijayo."

"Gari litakaa wazi muda gani?" Mama Pacha aliuliza.

"Hajui. Siku nyingi."

Saa za alfajiri hakukuwa na usafiri mwingine mtaani kwao. Bibi akawatazama wote wawili.

"Basi nami nipumzike. Msihangaike. Chumvi nimekula nyingi, na daktari ameshanikataza iliyobaki."

Baba Pacha alitaka kucheka, akashindwa. Bibi hakuwa anatania. Akikosa mashine wiki mbili, hawatakuwa naye tena.

Mama Pacha akatoka uani, akaenda kwenye ukuta wa jirani. Huko aliishi mama mmoja mtu mzima, fundi wa karakana ya malori. Mtaa mzima ulimwita Shangazi Spana.

"Shangazi, hodi! Samahani kwa usumbufu."

"Usumbufu ni wa mbu, si wako. Sema."

Mama Pacha akamweleza yote. Shangazi Spana alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja.

"Kesho ana hospitali?"

"Hapana. Kesho kutwa."

"Vizuri. Basi kesho msiliwashe. Msiliguse kabisa. Nitakuja mapema, injini ikiwa bado imelala. Mgonjwa hapasuliwi kabla hajapimwa."

Alfajiri alifika na mkoba wake. Akafungua boneti, akasimama.

"Nani amelitandikia gari kitanda?"

"Mimi," Bibi alijibu kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa amejifunga shuka. "Mwanangu huyu alikuwa hivyo hivyo. Bila joto haamki."

"Mama!" Baba Pacha alilalamika.

"Nasema uongo?"

Shangazi Spana alicheka hadi akashika gari. Kisha akalikunja blanketi taratibu, akamrudishia Bibi kwa mikono miwili.

"Ni wazo la mama mwenye huruma," alisema. "Lakini mkisahau kulitoa, mkawasha, litashika moto. Msilirudishe humu tena. Sasa, baba, geuza ufunguo. Usiwashe."

Baba Pacha akageuza. Mshale ukaruka kwenye nyekundu. Mbele ya injini kitu kikaanza kuvuma, vuuu.

"Huo mvumo nausikia kila siku," Bibi alisema. "Nilidhani ndiyo sauti yake ya kuamka."

"Ni feni, mama. Kazi yake ni kupoza injini ikipata moto sana." Shangazi Spana akamwambia Baba Pacha arudishe ufunguo, akasubiri feni isimame. "Njoo. Weka mkono wako hapa."

Bibi akagusa chuma. "Baridi kama mtungi!"

"Je, kitu hiki kinahitaji kupulizwa?"

"Hata kidogo."

"Basi kuna anayeiambia feni uongo." Akaonyesha kidude kidogo kama kidole, kilichofungwa kwenye injini, kikiwa na waya mgongoni. "Huyu anaitwa sensa ya joto. Anaonja maji yanayopoza injini, kisha anaipelekea habari kompyuta ya gari. Akisema kuna baridi, kompyuta inaongeza petroli ili gari liwake. Akisema kuna moto, inapunguza petroli. Nadhani huyu anasema kuna moto saa zote. Kwa hiyo alfajiri injini inanyimwa petroli."

"Mbona mchana linawaka?" Baba Pacha aliuliza.

"Mchana injini ina moto kweli. Uongo unafanana na ukweli."

"Na blanketi langu?" Bibi akauliza kwa sauti ndogo.

"Lilitunza joto la jioni, mama. Likasaidia kidogo, kisha likawaficha ugonjwa."

Akachomeka kipimo chini ya usukani. Kikasoma joto la maji yanayochemka, na zaidi. Wakati huohuo wote walikuwa wanavuta nguo zao kwa baridi.

"Basi nikanunue sensa nyingine!" Baba Pacha alisema, akageuka aende.

"Ngoja kwanza. Bado nimesema nadhani. Huenda ni waya." Akachomoa waya wa sensa. Palepale kipimo kikashuka chini kabisa, mbali chini ya sifuri. "Mmeona? Sensa ikitoka, kompyuta inaona baridi kali. Kama kasoro ingekuwa kwenye waya, namba ingebaki juu. Waya mzima. Kompyuta inasikia vizuri."

Alikagua pia mafuta ya injini. Hayakuwa yamechanganyika na maji, dalili kwamba ndani injini ni nzima. Ndipo akaifungua sensa. Maji yaliyomwagika aliyakinga kwa beseni.

"Sasa nataka jiko," alisema.

Mama Pacha akachukua sufuria.

"La, mwanangu. Nipe kopo kuukuu la kutupa. Maji ya injini ni sumu. Chombo kikiyagusa, kisipikie tena."

Walikusanyika jikoni. Shangazi Spana alitia maji baridi kwenye kopo, akaitumbukiza ncha ya sensa, akashikiza nyaya mbili za mita yake ya umeme. Bibi alipewa kazi ya kutazama namba.

"Sensa nzima ikiwa kwenye baridi, namba huwa kubwa," Shangazi alieleza. "Maji yakipata moto, namba inashuka taratibu. Inasomaje?"

"Ndogo. Mia mbili na kitu."

Wakawasha jiko. Maji yakaanza kutoa mvuke, kisha kutokota.

"Na sasa?"

Bibi akasogeza macho. "Ileile."

"Haijui baridi, haijui moto. Ni kama mtu anayejibu 'sijambo' hata akiumwa."

Bibi akaacha kutazama namba. Mama Pacha alimtazama. Wale wengine walipotoka kwenda kuangalia gari, alivuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Mama, naomba nikuulize. Jana ulisema unataka kupumzika. Umechoka na mashine, au unaogopa kutusumbua?"

Bibi alilikunjakunja blanketi mapajani.

"Mashine siichukii," alisema. "Huwa nalala kidogo, muuguzi ananisimulia habari za watoto wake. Ila namuona mwanangu anavyotoka jasho kwenye baridi ile. Naona mzigo ni mimi."

"Mzigo tunaubeba tukijua ni nini, mama. Usituambie sijambo."

"Haya," Bibi alisema, akamshika mkono. "Sitaki kupumzika. Bado nataka kuwaona wajukuu wangu pacha wakiota meno ya ukubwani."

Maduka yalipofunguliwa, Baba Pacha alileta sensa mpya ya aina ya gari lake. Shangazi Spana aliipima nayo kwenye kopo kabla ya kuifunga. Kwenye baridi ilisoma zaidi ya elfu mbili. Maji yalipopata moto, namba ikashuka kidogo kidogo, na Bibi akaisindikiza kwa sauti kama mtu anayemhimiza mtoto atembee. Sensa ikafungwa injini ikiwa bado baridi. Wakajaza maji maalumu kwenye rejeta, tangi la kupozea injini, wakayatoa mapovu ya hewa.

"Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa na moto," Shangazi alimwambia Baba Pacha. "Utaungua uso. Na mshale ukipanda njiani, simama, zima gari. Usiseme ni sensa tu. Mara nyingine mshale husema kweli. Mpaka upime."

Baba Pacha akageuza ufunguo. Feni ilinyamaza. Akapiga stata mara moja tu. Gari likawaka. Mshale ukapanda taratibu, ukatulia katikati. Baadaye injini ilipopata moto, feni ikaanza yenyewe, ikapuliza, ikasimama. Baba Pacha akatoa simu, akamwambia fundi wa gereji asante, asilisubiri gari.

Alfajiri iliyofuata walifika hospitali kabla ya mlango kufunguliwa. Bibi alipewa muda wake wote. Jioni viatu vyake vilimtosha.

Alitembea mpaka ukutani mwenyewe, akimshika Mama Pacha begani. Shangazi Spana alikuwa ananawa mikono uani kwake.

"Mwanangu, gari limepona," Bibi alisema.

"Nimesikia, mama. Au niseme, sijasikia kitu. Leo limeniacha nilale."

"Kwa hiyo hutakuja tena?"

"Si limepona?"

"Gari limepona. Mimi je?" Bibi akaegemea ukuta. "Jumapili sina hospitali. Njoo tukae. Na Jumapili nyingine pia njoo. Nitakuwepo."