Picha ya Kichwa

"Dada, samahani, umekalia muhogo wa mama yangu."

Mweri aligeuka. Soko la Kongowea lilikuwa limefurika Jumamosi ile, wachuuzi wakiitana, machungwa yakinukia juani, naye alikuwa amejibwaga kwenye gunia la kwanza aliloliona. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati lake la samawati limetobolewa na cheche.

"Kwani mama yako naye yumo humu guniani?"

"Angekuwamo ungemsikia!"

Wote wawili wakacheka. Aliitwa Masha, mchomeleaji vyuma wa Changamwe. Mweri alifundisha chekechea Bofu. Wiki ya tatu alimweleza kwa nini alivaa marinda marefu na kuchoka upesi: alikatwa uvimbe wa sarkoma pajani, saratani ya misuli, na kila miezi mitatu alipigwa picha ya kifua kuona kama haijahamia mapafuni.

Masha alisikiliza hadi mwisho. "Na mguu huo wacheza muziki?"

"Wacheza, nikishikwa mkono."

Walipendana miezi minane. Kisha kichwa kikaanza kumuuma Mweri, kila alfajiri, nyuma ya jicho la kushoto. Wiki ya pili, herufi za ubaoni zikawa zinamtembea machoni.

Agneta, rafiki yake wa kliniki mwenye maradhi yale yale, alikuwa amezikwa Februari. Kaka wa Agneta, Kadenge, alimwambia Mweri, "Kwake yalipanda kichwani, na kichwa hakikupigwa picha. Muulize daktari wako."

Mweri hakuuliza. Aliogopa kuonekana mjuaji. Jibu aliliogopa zaidi. Naye Masha, Mweri akamfungia mlango: simu hapokei, jumbe hajibu. Jioni moja Masha akamfuata Bofu. Wameketi kibarazani, simu ya Mweri ikawaka kati yao: *Kadenge: Umeshamwambia? Utaficha hadi lini?*

"Kadenge ni nani?"

"Mtu tu."

"Mtu tu akuuliza utaficha hadi lini?"

"Nenda kwenu, Masha. Nimechoka."

Akaenda. Siku tisa hakuna aliyempigia mwenziwe. Ya kumi, Masha alikuwa kazini simu ilipolia. Akavua kinga ya uso.

"Masha, nimeshindwa kusoma majina ya watoto kwenye rejista. Kadenge ni kaka wa marehemu Agneta. Nilichokuficha ni kichwa changu."

Masha aliketi chini, palepale kwenye vumbi la chuma. "Mahabuba, mbona hukuniambia?"

"Kliniki ni kesho. Siwezi kumuuliza daktari peke yangu."

"Wewe utauliza. Mimi nitakushika mkono."

Asubuhi Masha alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa. Daktari Nduku alizitazama picha za kifua, akatabasamu. "Mapafu safi. Tuonane baada ya miezi mitatu."

Mweri alianza kuinuka. Masha akamminya vidole.

"Daktari," Mweri akasema, "naomba picha ya kichwa." Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja: maumivu, herufi, Agneta.

Daktari aliweka kalamu chini. "Sarkoma kufika ubongoni ni nadra, ndiyo maana hatumpigi kila mgonjwa. Lakini kwa dalili hizi, tunapiga leo. Ungeniambia siku ya kwanza."

"Niliogopa utaona nakufundisha kazi."

"Nipigie hata Jumapili, Mweri."

Walisubiri majibu siku mbili. Mweri hakula, Masha alipiga simu kila saa kuuliza kama amekula. Siku ya tatu daktari aliwageuzia kioo cha kompyuta.

"Kuna doa moja. Ni dogo. Tutalitibu kwa mionzi, na nina matumaini. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi."

Nje, kwenye kelele za wagonjwa na wauza maji, Mweri alisimama akishikilia ukuta. "Masha, uko huru. Ukienda sitakulaumu."

"Niende wapi?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Ijumaa wazee wangu watakuja kwenu kuposa."

"Ijumaa naanza mionzi."

"Basi Alhamisi."

"Nywele zitanitoka."

"Alhamisi, Mweri."

Mweri alifuta machozi kwa pindo la leso.

"Saa ngapi?" akauliza. "Mama atataka kuwapikia."