Nukta Iliyojiongeza

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kupitia njia ya kesho, kuhakikisha kila nukta ipo mahali pake, kisha kurudi nyumbani kabla giza halijaingia. Fundi alikwisha kuifanya mara nyingi mno, na wenzake wa kikundi walizoea kumtania kwamba hata chooni haendi bila setilaiti.

Tuseme wazi mchezo wao ni mchezo gani, maana wasioujua huwaona kama watu waliorukwa na akili. Mtu anaficha kikasha cha plastiki porini, chini ya jiwe au kwenye tundu la mti. Anaweka namba za mahali hapo kwenye mtandao. Wengine wanaziingiza namba hizo kwenye kifaa cha GPS, wanatembea juani mpaka visigino vinawaka, na wakikiona kikasha wanashangilia kama waliookota almasi. Ndani mna vitu vya ovyo tu: kifungo, gololi, mwanasesere asiye na mkono. Sharti ni moja. Ukichukua kitu, acha kinacholingana nacho.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo aliyetengeneza simu na redio katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Yeye ndiye aliyewapangia wenzake njia. Alipanga nukta kwenye kompyuta, akazimimina kwenye vifaa vyao, na kama kifaa kimegoma, walikileta kwake. Mchana ule aliyekuja ni Kinyozi, kiongozi wa msafara, mtu mwenye maneno mengi kuliko wateja.

"Dada, hiki kifaa kimelogwa."

"Kimelogwa, au hukusoma maelekezo?"

"Nimesoma mpaka yale ya Kichina." Akakiweka mezani. "Njia uliyonipa ina vikasha vinne. Humu ndani vinaonekana vitano."

Fundi alicheka. Kisha akatazama, na kicheko kikakatika.

Kweli, kati ya nukta ya tatu na ya nne njia ilipinda, ikaenda mbali upande wa bwawa, ikagusa nukta isiyo na jina, ndipo ikarudi. Kwenye kompyuta haikuwepo. Aliifuta. Akamimina njia upya, nukta ikarudi. Alibadilisha betri, akafuta kumbukumbu yote, akaweka ramani mpya, akapitia mipangilio yote mmoja baada ya mwingine na kuzima kila alichokuwa na shaka nacho. Nukta ikarudi. Akajaribu kifaa chake mwenyewe, kisichowahi kukutana na cha Kinyozi.

Nayo ilikuwemo.

"Kesho tunakwenda na watoto," Kinyozi alisema, sasa bila utani. "Na binti yetu yumo. Sitaki watoto karibu na lile bwawa."

Hakuhitaji kusema zaidi. Binti huyo alikuwa mtoto wa Chiriku, mdogo wake Fundi, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Mwaka jana, msimu wa mvua, Chiriku alikwenda peke yake kusaka kikasha upande ule na hakurudi. Pikipiki yake ilikutwa njia panda. Watu walipekua pori mpaka mbwa wakachoka. Hawakupata hata kiatu.

Tangu hapo nyumba ile haikuwa na msiba wala haikuwa na amani. Ndugu walikaa wakabishana. Wengine walisema ni wakati wa kuomboleza, wengine wakasema mtaombolezaje mtu ambaye hamjamzika. Binti mwenyewe hakulia hata siku moja. Alitandika kitanda cha mama yake kila asubuhi, na mtu akimtaja kwa neno "alikuwa" alitoka chumbani. Fundi alimlea, akamlisha, akamsuka, na kila alipomtazama aliumia. Hakuwa akiomba tena mdogo wake arudi mzima. Aliomba kaburi tu, ili yule mtoto apate mahali pa kulilia.

Kwa hiyo aliposema anakwenda kuijaribu njia, Kinyozi hakushangaa. Alijitolea kumsindikiza, Fundi akakataa. Alidai kwamba kifaa hujaribiwa na mtu mmoja. Ulikuwa uongo.

Binti alimkuta mlangoni akivaa buti.

"Mama mkubwa, unaenda wapi?"

"Kupitia njia yenu ya kesho. Sichelewi."

Mtoto aliinama akamfungia kamba za buti. "Ukipita huko bwawani mwite mama. Labda hajasikia."

Fundi akawasha pikipiki.

Jua lilikuwa limeinama alipoiacha pikipiki njia panda na kuanza kutembea, kifaa cha Kinyozi mkononi. Kikasha cha kwanza kilikuwa mahali pake. Cha pili pia. Cha tatu kilikuwa na sisimizi, akawapuliza akawaomba radhi. Kila kitu kilikuwa cha kawaida kiasi cha kumtia aibu. Akajiambia kwamba ni hitilafu ya kawaida, faili limeharibika, kesho atalitengeneza.

Ndipo kifaa kikatetemeka mkononi.

"Geuka kushoto."

Akageuka. Hatua chache mbele akasimama ghafla.

Kifaa kile hakikuwa na spika. Kilikuwa na mlio tu, ti, ti, kama saa ya mezani. Alikwisha kukifungua kwa bisibisi mara nyingi, alikijua ndani na nje. Hakikuwa na kitu cha kusemea.

"Kushoto, dada... umepitiliza."

Alikisogeza kifaa sikioni. Sauti ilikuwa ya chini, yenye majimaji. Lakini ile haraka yake, ile namna ya kumsukuma mtu kwa maneno...

"Chiriku?"

Akatega sikio. Vyura tu, na upepo mdogo.

Mtu mwenye akili zake angekimbia. Fundi naye alikuwa na akili zake, ila moyo wake ulikuwa na mwaka mzima unangoja mlio wa mlango. Akageuka kushoto.

Barabara ilikuwepo. Kwenye skrini ilionekana nene na nyeupe, na mshale wake ulikuwa katikati. Mbele yake ulikuwepo mshale mwingine, mdogo, wa rangi ya buluu. Ulikuwa unatembea. Alipoharakisha, nao uliharakisha. Aliposita, ulimngoja.

Kisha harufu. Tope kwanza. Halafu, juu ya tope, mafuta ya nywele, yale ya kopo la kijani ambayo Chiriku alikuwa akijipaka mpaka mto wake unang'aa. Fundi akaanza kulia huku anatembea.

"Nimechoka huku, dada."

"Nakuja. Uko wapi?"

"Fuata barabara."

Mbele yake palikuwa na uwanja mpana wa majani mabichi, sawasawa kabisa, umepambwa kwa maua ya zambarau. Barabara ilikatiza katikati yake. Skrini ndiyo ilivyosema. Aliinua mguu, akaukanyaga.

Mguu ukazama hadi kwenye goti. Baridi.

Alijitupa nyuma akaangukia makalio, anahema. Hapakuwa na uwanja. Yalikuwa magugu maji, yamefunika bwawa kutoka ukingo hadi ukingo, na chini yake maji meusi yakifanya plop... plop... mahali alipotoboa. Akakiangalia kifaa. Mshale wake ulikuwa bado katikati ya barabara, umetulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo akaelewa, na kuelewa kule kulimuuma kuliko hofu.

Upo mpangilio wa kumbana mtu barabarani. Ukiuwasha, hata ukiwa umeachana na barabara, kifaa kinakuonyesha upo juu yake. Kwa dereva ni msaada. Kwa anayetembea kwa miguu ni uongo mtupu. Fundi alikuwa ameuzima mchana uleule. Sasa ulikuwa umewaka. Na kwenye kifaa cha Chiriku aliuwasha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu mdogo wake alilalamika kwamba mshale unayumba kama mlevi. Akamwekea na ramani ya zamani, maana wasaka vikasha hupenda ramani za zamani, zina vijia vilivyosahaulika. Ramani ya kabla ya bwawa. Barabara ilikuwa kule chini, na Chiriku aliifuata kwenye mvua, macho kwenye skrini, akimwamini dada yake.

"Nisamehe," alisema. "Mama yangu weee, nisamehe."

Maji yalifanya plop.

Karibu na ukingo, mahali ambapo angeapa hapakuwa na kitu, palisimama jiwe la kilomita la barabara ya zamani, limechomoza kichwa juu ya magugu. Juu yake palikuwa na kikasha.

Aliweza kukifikia kwa mkono. Kilikuwa kikavu. Akakifungua taratibu. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kichwa cha Chiriku, cha njano, kimekunjwa vizuri. Alikigusa.

Kilikuwa na joto. Joto la kichwa cha mtu aliyekivua sasa hivi.

"Usichukue," Chiriku alinong'ona. "Dada, funga. Nenda nyumbani."

Lakini Fundi alikwisha kukitoa, amekikumbatia kifuani. Ndipo ikaja sauti ya pili. Haikutoka kwenye kifaa. Ilitoka chini ya magugu, pana na ya polepole, kama ya mwenye nyumba anayekumbusha kodi.

"Acha kinacholingana."

Alijipapasa mifukoni. Funguo. Bisibisi. Leso. Akaviangalia, akaona aibu. Kitu gani kinalingana na mdogo wako? Mlale kitanda kimoja miaka yote ile, mpiganie blanketi, msutane na kupatana, halafu uache bisibisi?

"Sina," alisema akilia. "Sina kinacholingana. Chukua chochote changu. Chochote. Nipe mdogo wangu nimzike, mtoto apate kulia."

Vyura wakanyamaza.

"Chochote?" Chiriku aliuliza, na sauti yake ilikuwa imevunjika kabisa. "Dada... kwa nini umesema chochote?"

Magugu yalianza kuachana, polepole, kutoka katikati.

Fundi hajui alifikaje nyumbani. Binti anasema aliingia wakati wa chakula, miguu ina tope, ana kitambaa cha njano mkononi, akakaa mezani akala vizuri. Asubuhi msafara ulifutwa. Wavuvi walikuta mwili wa mwanamke ukingoni mwa bwawa, mahali ambapo magugu yalikuwa yamefunguka njia nyembamba iliyonyooka kama imechorwa kwa rula. Ulikuwa wa Chiriku, na waliouona walisema ni ajabu, haukuonekana kama uliokaa majini mwaka mzima. Jiwe la kilomita hawakuliona. Kinyozi alikwenda na kifaa chake kuangalia. Njia ilikuwa na vikasha vinne.

Msiba ulijaa watu. Na binti, hatimaye, alilia. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akalala mapajani mwa mama mmoja wa jirani, akaamka akalia tena. Wazee walitikisa vichwa kwa faraja. Walisema sasa mtoto atapona.

Ndani, wanawake wa ukoo walikuwa wakiuosha mwili. Fundi alipewa kazi ya nywele, kwa kuwa ni dada wa kuzaliwa. Aliziosha kwa uangalifu, akazichambua, akazifunga. Mikono yake ilikuwa imara. Shangazi yake, aliyekuwa akimmiminia maji, alidhani amejikaza kiume.

Kisha Fundi akamsogelea, akamnong'oneza sikioni kwa adabu, kama mtu anayechelea kumuudhi mwenye nyumba.

"Shangazi, huyu ni nani?"

Walimkalisha, wakampepea, wakasema ni majonzi, yatapita. Daktari alisema mshtuko huweza kufanya hivyo, na huenda ni kweli. Mengine karibu yote anayakumbuka. Anakumbuka njia, harufu, sauti ya chini ya magugu, hata kila neno alilotamka yeye. Anajua alikwenda kumtafuta mtu aliyempenda kuliko nafsi yake. Ila kila anapomwendea mtu huyo akilini, anakuta mahali patupu. Wamemletea picha. Anajiona mwenyewe msichana mdogo, amemkumbatia msichana mwingine, wote wawili wanacheka. Anamtazama huyo mwingine kwa hamu, kama unavyomtazama mtoto mzuri wa jirani. Hasikii kitu.

Hawezi hata kumlilia. Hilo ndilo linalomtesa. Usiku anakaa kitandani anajibana, anatafuta chozi, na chozi linahitaji mtu.

Binti hakuambiwa. Watu wazima walikubaliana. Na binti, tangu alipolia, hataki kuzungumza kingine ila mama yake. Kila jioni anavuta kigoda, anakaa kati ya magoti ya mama mkubwa asukwe, anahadithia: mama alivyomkimbiza mbuzi sokoni, mama alivyoiita mvua kwa matusi. Fundi anasikiliza. Anacheka panapostahili.

Juzi mtoto alimgeukia.

"Sasa wewe. Niambie kitu ambacho mimi sikijui. Alipokuwa mdogo."

Vidole vya Fundi vilisimama kwenye nywele. Alitafuta, akatafuta. Mtoto alikuwa anangoja, ameinua uso kwa matumaini.

"Mama yako," Fundi alisema, "aliogopa radi. Ikipiga alikuwa anaingia kitandani kwangu, ananishika sikio mpaka alale."

Aliitunga palepale. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

Binti alifumba macho. Kisha akalia kidogo, kilio kizuri, cha mtu aliyepewa zawadi, akaegemea goti la mama mkubwa wake. Fundi aliendelea kusuka. Ilipita muda ndipo akahisi vidole vidogo, vya baridi, vyenye majimaji, vimemshika sikio.

Mikono ya binti ilikuwa mapajani mwake.